Nasaha kwa Mwenye Pawatila

Msafiri apitaye vijijini kwetu wakati wa kiangazi, kama macho yake si ya haraka, hakosi kuona mahali fulani nyuma ya nyumba au chini ya mwembe mashine yenye magurudumu mawili na mishikio miwili mirefu mfano wa pembe za fahali, majani yamepanda mpaka kwenye tangi la mafuta, kuku wamefanya kiota penye kiti cha dereva, na mwenyewe akiulizwa ina nini hujibu kwa neno moja tu: imekufa. Nimepata kuinama mbele ya mashine kadhaa za namna hiyo, spana mkononi, kwa kuwa nami ni mkulima wa bonde la Ruvu na nimeishi na mashine hiyo, yaani pawatila, kwa misimu mingi, na niliyoyakuta aghalabu yalikuwa mambo madogo ya kusikitisha: chujio la hewa lililozibwa na vumbi likaganda kama tope, maji yaliyotuama chini ya tangi la dizeli, mikanda iliyolegea hata ikawa inateleza juu ya gurudumu lake pasina kuvuta kitu. Mashine iliyonunuliwa kwa mamilioni ya shilingi, kwa mkopo wa kikundi au kwa mauzo ya ng'ombe wa urithi, ilikuwa imelala kwa ajili ya kazi ya robo saa ambayo hakuna aliyeifanya. Kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kuwaandikia wenzangu niliyojifunza, na shina la maneno yangu yote ni hili, kwamba kulima hakuiui pawatila. Huiua yale yaliyoachwa bila kutendwa kabla haijawashwa na baada ya kuzimwa.

Wengi wetu tuliizoea mashine hii tangu mwaka 2009, Serikali ya Tanzania ilipotangaza Kilimo Kwanza na halmashauri nyingi za wilaya zikaagiza pawatila ili vikundi vya wakulima vizipate, lakini asili ya kulima kwa visu vinavyozunguka ni kongwe kuliko hapo. Mwaka 1912, huko Gilgandra nchini Australia, kijana aitwaye Arthur Clifford Howard aliufungamanisha mzunguko wa injini ya mvuke ya baba yake na sahani za kulimia, akaona kwamba udongo unatifuka vizuri bila kushindiliwa chini kama unavyoshindiliwa na plau. Na alipoudhika kwa kuwa sahani zile ziliutupa udongo pembeni, akaziacha akaweka visu vilivyopindwa mfano wa herufi L, na ndugu wa visu hivyo ndivyo vilivyo leo chini ya rotaveta, kile kilimio kilicho nyuma ya pawatila yako. Baadaye Wajapani, na Wachina nao, waliitengeneza mashine ya namna hii kwa kadiri ya majaruba yao ya mpunga, mahali ambapo shamba ni dogo, kingo ni nyembamba, udongo umelowa, na trekta kubwa lingezama mpaka ekseli. Sitaji tarehe hizi kwa kujipamba na elimu, bali kwa sababu asili ya kitu huonyesha tabia yake: pawatila imezaliwa kwa ajili ya udongo laini na wenye unyevu, na mtu aipelekaye mwezi wa Septemba katika mbuga nyeusi iliyokauka ikapasuka nyufa za kuingia mguu, kisha akalalamika kwamba inarukaruka kama mbuzi na kuvunja visu, analalamika kwa haki kuhusu hasara yake ila amekosa alipoelekeza lawama.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha yako, itazame ardhi yako kwanza. Ukiwa na jaruba la mpunga, au bustani ya mchicha na bamia katika udongo wa kichanga, mashine ya farasi 12 hadi 15 itakufaa sana. Ukiwa na shamba jipya lenye visiki na mawe, ng'oa visiki na uokote mawe kabla ya yote, maana kisiki kimoja kilichofichika chini ya majani chaweza kupinda mhimili wa rotaveta kwa pigo moja. Na ukiwa na mbuga ngumu, basi ama ungoje mvua ya kwanza iulainishe udongo, ama ukodi trekta kubwa livunje kwanza, kisha pawatila ije kulainisha. Tena muulize muuzaji swali ambalo wanunuzi wengi huona haya kuliuliza: mkanda ukikatika katikati ya masika, nitaupata duka gani, na kwa siku ngapi? Mashine isiyo na spea karibu ni mzigo, hata ikiuzwa kwa bei ya huruma.

Sasa juu ya wakati wa kulima, kwani hapo ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Chukua udongo kiasi cha gao moja kutoka kina cha kiganja, si wa juu uliokaushwa na jua, uufinye ngumini kisha ufungue mkono na uusukume kwa kidole gumba. Ukisambaratika vipande vipande, uko tayari. Ukibaki umeshikamana ukachukua alama ya kidole kama unga wa chapati, rudi nyumbani ukanywe kahawa, kwa kuwa visu vitaukata mabonge yanayong'aa ambayo jua likiyapata yatakuwa matofali, na hutayavunja mpaka msimu ujao. Na ukiwa vumbi tupu usioweza kufinyika, visu vitausaga unga, na mvua kubwa ya kwanza itaufanya ukoko juu ambao chipukizi la mchicha halina nguvu ya kuupasua. Mambo haya nayasema kuhusu shamba la nchi kavu. Jaruba la mpunga lina sheria yake, nitaifikia.

Kuna jambo jingine ambalo pawatila hulifanya kimyakimya na mkulima asilione mpaka miaka ipite. Visu vyake hulima kina kilekile kila msimu, sentimita 12 hadi 15 hivi, na chini ya kina hicho tabaka gumu hujijenga polepole, mizizi ikilifika inageuka kando, maji yakilifika yanasimama. Katika jaruba tabaka hilo ni neema, kwani ndilo linalozuia maji yasipotee. Katika bustani ya mboga ni nakama. Ukiona bamia zako zimedumaa na ukizing'oa ukakuta mzizi mkuu umepinda kama kiwiko, chimba shimo dogo kwa jembe utalihisi hilo tabaka kwa ncha yake, na dawa yake ni kulivunja kila baada ya miaka michache kwa plau au kwa mtalimbo, kiangazi, pale lilipokauka.

Tena kuna ndago. Mwenye bustani yenye ndago au sangari anapopata pawatila hudhani ukombozi umewadia, kumbe yule adui hufurahi kuliko yeye, maana ndago huishi kwa vitunguu vidogo vilivyofungamana chini ya ardhi mfano wa shanga katika uzi, na maadamu uzi ule ni mzima vingi katika hivyo hulala usingizi. Visu vikiukata, kila kimoja huamka na kuchipua peke yake. Bustani yangu mwenyewe niliiharibu hivyo, nikalima mara tatu mfululizo wakati wa vuli, udongo ukawa laini kupendeza macho, na baada ya wiki tatu pakawa zulia la kijani kibichi. Mwenye ndago na alime kiangazi, jua likiwa kali, akusanye kwa reki vile vitunguu, avianike juani siku nyingi, na arudie tena na tena kabla ya mvua. Kulima ndago katika udongo uliolowa ni kuipanda.

Nirudi kwenye mashine. Rotaveta ya pawatila hulima upana wa sentimita 60 hivi, na ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukipiga hesabu utaona kwamba mwendeshaji hutembea takriban kilomita 6 na mita 700 kwa kila ekari kwa mkupuo mmoja tu, juu ya udongo uliotifuliwa, mikono ikitetemeshwa muda wote. Nataka mwenye mashine aliyekaa kivulini aikumbuke hesabu hiyo kabla hajamwambia dereva wake amalize ekari mbili kabla ya adhuhuri. Desturi ya kumlipa dereva kwa ekari, ambayo imeenea kote, ndiyo mzazi wa nusu ya magonjwa ya mashine: maskini yule kila dakika anayoitumia kukaza nati au kusafisha chujio ni dakika isiyo na ujira, basi hakazi wala hasafishi. Mimi nimeona heri kumlipa kwa ekari pamoja na posho ndogo ya kila siku ya matunzo, nikaihesabu kuwa ni haki yake kama vile chakula chake, na tangu nifanye hivyo gharama ya fundi imepungua kwa namna ninayoihisi mfukoni.

Matunzo ya asubuhi huanza mashine ikiwa baridi na imesimama mahali tambarare, kwa kuwa ikiinama kipimo cha oili kitakudanganya. Chomoa kile kijiti, kipanguse, kirudishe, ukichomoe tena, na oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu bila kuipita. Katika joto letu la pwani oili nzito ya namba 40 ndiyo inayotumika sana, ila kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Kisha tazama maji. Injini nyingi za aina hii hazina rejeta, zina birika la maji juu ya silinda lenye kijiti kinachoelea chenye kichwa chekundu, na kichwa hicho kikizama maji yamepungua, jambo la kila siku kwa sababu injini hii hupoa kwa kuyachemsha maji yake yakatoka mvuke. Tumia maji ya mvua ukiyapata, au ya mtoni yaliyochujwa, si ya kisima chenye chumvi, ambayo huacha gamba jeupe ndani. Na iwapo umesahau, birika likakauka na injini ikawa ya moto wa kuunguza, nakusihi usimimine maji baridi juu yake kwa kiwewe. Izime, kaa chini, ngoja mpaka mkono uweze kuigusa, vinginevyo kichwa cha silinda kitapasuka na kupasuka kwake hakuna gundi.

Chujio la hewa ni pafu la mashine, na katika vumbi la kiangazi ni lazima lifunguliwe kila siku. Aghalabu chini yake kuna bakuli la oili ambalo hewa hupita juu yake ili vumbi linaswe. Mwaga oili iliyochafuka, osha bakuli na wavu wake kwa dizeli, ukaushe, utie oili mpya mpaka alama, usizidishe hata kidogo. Wengi huzidisha wakidhani wanafanya ihsani, na wasijue kwamba injini ya dizeli ikiivuta oili ile huichoma kama mafuta, ikaanza kukimbia yenyewe kwa ukali wa kutisha, na hata ukifunga dizeli haisimami. Likikufika hilo, usikimbie wala usiishike mikanda. Vuta kile kishikio kidogo kichwani mwa injini kinachoachia pumzi ya silinda, au ziba mdomo wa kuvutia hewa kwa kitu kigumu kama ubao, kamwe si kwa kiganja.

Dizeli nayo ina adabu yake. Inunuliwayo katika madumu barabarani hubeba maji na mchanga, na pampu ya injini, ambayo vyuma vyake hukaribiana kwa nafasi nyembamba kuliko unywele, haivumilii kimojawapo. Acha dumu litulie usiku kucha, mimina kwa upole kupitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na ile sehemu ya mwisho iliyo chini usiimimine kabisa. Mashine ikizimika kwa kuishiwa mafuta, hewa itakuwa imeingia katika mirija, nawe utazungusha hendeli mpaka jasho likutoke miguuni bila faida. Legeza nati ya mrija ulio karibu na pampu, acha dizeli itiririke mpaka mapovu yaishe, ikaze, kisha ufanye hivyo hivyo penye nozeli huku mwenzio akizungusha. Hili kila mwendeshaji na alijue, maana ndilo linalowafanya mafundi watutoze fedha bure.

Mikanda, ambayo mara nyingi ni mitatu sambamba, ibonyeze katikati kwa kidole gumba: ikizama sentimita moja au moja na nusu, ni sawa. Ikilegea zaidi itateleza, itapata joto, itanuka kama mpira unaoungua. Ikikazwa mno itazila beringi. Ukibadili, badili yote mitatu kwa pamoja, kwa sababu mmoja mpya kati ya wawili wazee hubeba mzigo peke yake na hufa upesi, nao wazee huwa hawajapumzika bali wamekaa tu.

Lakini mahali ninapopenda kukawia ni penye visu. Injini ikiwa imezimwa, si imetolewa gia tu bali imezimwa kabisa, piga magoti nyuma ya rotaveta na ukishike kila kisu kwa mkono ukitikise. Utakuta baadhi vimelegea, hususan katika saa za mwanzo za mashine mpya au baada ya kuweka visu vipya, na bolti iliyolegea leo jioni hutoka, kisu huruka, na kikitua mguuni mwa mtu hadithi yake ni nyingine. Vingine vitakuwa vimezungukwa na majani na nyuzi za magunia yaliyooza. Kata kwa kisu cha kawaida, ondoa zote, maana zikipenya penye sili ya mhimili huikata, oili ya gia ikavuja na maji yakaingia. Kisha angalia upande kila kisu kilikopinda, kwa sababu viko vya kulia na vya kushoto na havibadilishani. Vikifungwa ncha zote zikaelekea ndani, udongo hujaa katikati ukafanya tuta. Zote zikielekea nje, katikati hubaki mfereji. Vikichanganywa kwa zamu, kimoja huku kimoja kule, shamba huwa tambarare, na hivyo ndivyo utakavyovifunga kwa kazi nyingi. Wakati wa kubadili vilivyoliwa, badili jozi zinazokabiliana ili uzito ubaki sawa, la sivyo mashine yote itatetemeka na nati zote zitaanza kufunguka kwa huo mtetemo.

Katika kuiwasha, nina nasaha moja kuhusu hendeli. Ishike kwa vidole vyote vitano vikiwa upande mmoja, kidole gumba kisizunguke mshikio kama unavyoshika mchi, kwa kuwa injini ikirudi nyuma kwa ghafla itakipiga gumba kile au itavunja kifundo cha mkono. Vuta ile pumzi iachiwe, zungusha mpaka gurudumu zito lipate kasi, achia pumzi irudi, na hendeli itajifungua yenyewe injini ikishika. Hakikisha kwanza gia iko huru na rotaveta imetolewa. Shuka, kikoi kirefu, mtandio na kanzu si mavazi ya kazi hii. Suruali fupi au iliyokunjwa vyema, na buti madhubuti, ndivyo vinavyokubalika.

Shambani, inua mishikio ili visu viwe juu ya ardhi, ingiza rotaveta ianze kuzunguka, kisha ishushe taratibu udongoni. Asiyefanya hivyo, akaviacha visu vianze kuzunguka vikiwa vimezikwa, huishtua mikanda na gia kwa pamoja. Katika ardhi ngumu kidogo pita mara ya kwanza kwa kina kifupi, kisha shusha kwa skurubu ya lile gurudumu dogo la nyuma, pita mara ya pili. Kwenye pembe za shamba inua tena. Usigeuke visu vikiwa ndani, maana mhimili wake umeumbwa kuzunguka, haukuumbwa kusukumwa ubavuni.

Na sasa sikiliza jambo ambalo hata waendeshaji wa miaka mingi huliona mara ya kwanza likiwa limekwisha kuwatia hatarini. Chini ya kila mshikio kuna klachi ya kugeuzia: ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto hukatiwa nguvu na mashine hugeuka kushoto. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye tambarare na unapopanda mlima. Ukiwa unateremka, mambo hugeuka, kwa kuwa injini sasa inazuia badala ya kuvuta. Gurudumu ulilolikatia nguvu huachiliwa likimbie, na mashine huelekea kulia ilhali umebana kushoto. Katika mteremko, basi, usizibane klachi hizo. Teremka kwa gia ndogo kabisa na ugeuze kwa kusukuma mishikio kwa nguvu za mwili, na kamwe usitoe gia wala usibane klachi kuu, kwani hapo itakukimbia, hasa ikiwa na trela la magunia nyuma.

Kurudi nyuma ni hatari nyingine. Niliwahi kumwona kijana mmoja akirudi nyuma karibu na mnazi, rotaveta ikizunguka, mishikio ikapanda juu ghafla ikambana kifuani penye mti, na kilichomwokoa ni kwamba mwenzake alikuwa karibu akazima. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti: hairudishwi nyuma mpaka rotaveta imetolewa, na mpaka nimetazama nyuma yangu kwa macho yangu mwenyewe. Watoto, ambao hupenda kuifuata wakiokota panzi na viwavi, wakae ng'ambo ya kingo. Majani yakivisonga visu, zima; hakuna haraka iliyo na thamani ya vidole.

Kwa jaruba la mpunga, vua matairi ya mpira uweke magurudumu ya chuma yenye mabawa, na maji yawe kidogo, yafunike udongo tu, kwa kuwa yakiwa mengi huwezi kuona yaliyolimwa na yasiyolimwa, nayo tope hurukia mikanda. Kila baada ya kazi ya majini fungua ile nati ndogo ya kipimo cha oili ya gia. Oili ikitoka nyeupe mithili ya maziwa, maji yamepenya, imwage yote hapo hapo na umtafute fundi abadilishe sili, kwa sababu gia zikizunguka katika oili ya namna hiyo hazimalizi msimu. Magurudumu yale ya chuma yasipite barabarani hata hatua hamsini; pawatila zinazotingishwa juu ya lami na kokoto hulegea kila kiungo.

Jioni, mashine ikiisha kupoa, ioshe tope lote, lakini usirushe maji kwenye chujio la hewa wala penye mdomo wa moshi. Ipake grisi kila nipo mpaka ile ya zamani itokeze. Kisha andika katika daftari saa ilizofanya kazi. Daftari hilo la shilingi chache ndilo daktari wa mashine. Oili ya injini mpya humwagwa mapema, baada ya saa za mwanzo 20 hadi 50 kwa kadiri ya kitabu chake, kwani imejaa vumbi la chuma la vyuma vinavyozoeana, na baadaye kila saa 100 hivi; na asiyeandika hujidanganya, husema ni juzi tu, kumbe juzi hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Wenye zile ndogo za petroli za kulimia vitalu wafuate haya yote, wakiongeza kusafisha plagi na kutoacha petroli ya zamani ndani ya kabureta, ambayo huganda kama gundi na kuziba matundu.

Msimu ukiisha, hapo ndipo matajiri wengi wa mashine huwa maskini. Yamwage maji yote ya birika, mwaga oili chafu ingali moto utie mpya, jaza tangi la dizeli pomoni ili unyevu usipate nafasi ya kugeuka maji ndani, legeza mikanda, paka visu oili chakavu visishike kutu, inyanyue juu ya magogo ili matairi yasilalie upande mmoja, ziba mdomo wa moshi kwa kopo ili mvua na panya wasiingie, kisha zungusha hendeli taratibu mpaka uhisi pistoni inakuwa nzito, uiache hapo, maana ndipo vali zote mbili zimefunga. Iweke bandani. Kivuli cha mwembe hakitoshi. Mwembe una umande, na majani yake huanguka.

Ikiwa yako imekwisha kulala huko nje tangu mwaka juzi, usimwite bado mnunuzi wa chuma chakavu. Nenda leo na spana namba 14 na kopo tupu, fungua nati iliyo chini ya filta ya dizeli, uyatazame yatakayotoka kwanza. Yakiwa maji, umekwisha kuujua ugonjwa wake wa kwanza, na bado una wasaa wa kuutibu kabla ya vuli.